Mbuzi wa jirani ameingia katika bustani: tufanye nini?



Tunapotembelea familia zilizohama na familia zilizozipokea hapa Kisangani, kuna malalamiko ambayo hatuyakosi. Si habari ya bunduki, wala si habari ya siasa. Ni habari ya mbuzi aliyekula lengalenga, ya nguruwe aliyefukua mihogo, ya kuku walioparua mbegu zilizopandwa jana.

Viongozi wengine husema: «Hayo ni mambo madogo, mmalizane wenyewe.» Lakini kwa mama aliyefika mjini na vitu alivyoweza kubeba kichwani tu, matuta machache ya mboga si jambo dogo. Ni sombe ya leo, ni sabuni ya kesho, ni pesa ya daftari za mtoto. Na kwa baba mwenye mbuzi, mbuzi yule ni akiba yake. Siku mtoto anapougua usiku, ni mbuzi anayeuzwa ili mgonjwa apokelewe hospitalini. Kwa hiyo, watu wawili wanapogombana juu ya mbuzi na mboga, kila mmoja anatetea maisha ya nyumba yake.

Makala hii inaeleza kwa nini ugomvi huu unatokea, sheria inasema nini, na hatua gani zinaweza kuumaliza bila kuvunja ujirani. Tunawaandikia familia zilizohama, familia zilizozipokea, na pia wakubwa wa avenyu, wakubwa wa kartie na wajumbe wa kamati za amani.

Kwa nini tusilidharau jambo hili

Wakaaji wa Tshopo hawahitaji kufundishwa kwamba ugomvi wa ardhi unaweza kuleta vifo. Tangu Februari 2023, mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola umewakimbiza watu wengi kutoka Lubunga na kutoka njia za Ubundu na Opala. Wengi walivuka mto na kuja ng'ambo hii kutafuta usalama. Wapo pia waliotoka mbali zaidi, Ituri na Kivu ya Kaskazini. Watu hawa wamekuja na huzuni, na wenyeji waliowapokea nao wana shida zao. Mahali kama hapo, neno moja baya linatosha kuamsha mambo yaliyolala.

Tuangalie pia mfano wa mbali kidogo. Katika wilaya ya Kilosa, nchini Tanzania, wakulima na wafugaji waligombana kwa muda mrefu juu ya mifugo inayoingia mashambani. Tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika siku moja. Kabla ya siku ile kulikuwa na malalamiko mengi ambayo hayakumalizwa vizuri. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Hatusemi kwamba kila mbuzi analeta vita. Tunasema kwamba mahali ambapo watu wanaogopana tayari, mbuzi mmoja anaweza kuwapa sababu ya kupigana.

Desturi mbili zinakutana

Katika vijiji vingi vya msitu, shamba liko mbali na nyumba. Watu wanatembea, wakati mwingine saa nzima, kwenda kulima mihogo, mpunga au mahindi. Mbuzi na kuku wanabaki kijijini, wanazunguka bila kamba, na hawamsumbui mtu kwa sababu mboga haziko karibu. Mtu aliyekulia katika desturi hiyo anasema: «Mnyama hutembea. Mwenye kulima karibu na nyumba ajenge uzio.»

Kuna sehemu nyingine, hasa kwenye milima ya mashariki ambako watu ni wengi na mashamba yanagusa nyumba. Kule mbuzi hufungwa kwa kamba, au huchungwa na mtoto. Mtu aliyekulia kule anasema: «Mwenye mnyama amfunge. Mimi nijenge uzio kwa nini?»

Hapa mjini na kandokando yake, desturi hizo mbili zinaishi katika avenyu moja. Bustani ziko nyuma ya nyumba, kando ya vijito, kwenye viwanja ambavyo havijajengwa. Mbuzi wanazunguka palepale. Mama mwenye bustani anaona mbuzi ameachiliwa, anafikiri: «Wamefanya makusudi ili tuondoke.» Baba mwenye mbuzi anaona bustani haina uzio, anafikiri: «Watu hawa wanatafuta sababu ya kudai pesa.» Mara nyingi wote wawili wanakosea. Kila mmoja anafuata sheria aliyoachiwa na wazazi wake, na hakuna aliyewahi kukaa nao ili wachague sheria moja ya avenyu yao.

Kuna sababu nyingine tena. Familia iliyohama hulima mara nyingi kwenye ardhi ya kuazimwa. Mwenye ardhi amewapa, lakini jirani hakuambiwa. Pengine pale ndipo mbuzi wake walipokula majani miaka yote. Siku matuta yanapochimbwa, mbuzi hawajui kwamba mambo yamebadilika.

Mfano: matuta matatu na mguu mmoja

Mfano huu tunautumia katika mafunzo yetu. Tumeutunga kutokana na mambo tunayokutana nayo, na hautaji mtu yeyote.

Mama mmoja aliyehama aliazimwa ardhi kidogo nyuma ya nyumba iliyompokea. Alichimba matuta manane ya lengalenga, mboga ambayo wengi hapa huita bitekuteku. Zilipobaki siku chache tu avune, aliamka asubuhi akakuta mbuzi wa jirani ndani. Mtoto wake wa kiume, mwenye miaka 16, alichukua panga akampiga mbuzi mguuni.

Mwenye mbuzi alifika na ndugu zake. Alisema: «Ninyi wageni, tumewapokea, sasa mnaua mali yetu.» Mama naye akajibu: «Tangu tufike hapa hamtupendi.» Jioni, nyumba tatu zilikuwa hazisalimiani. Watu wengine walikwenda kwa mwenye ardhi kumwambia awafukuze wageni wake. Siku nzima ilipita, na hakuna mtu aliyeuliza swali hili rahisi: ni matuta mangapi yameliwa?

Kesho yake mkubwa wa avenyu aliwaita wote. Hakuanza na hotuba. Alisema: «Kwanza twende tuangalie bustani, halafu tumwangalie mbuzi.» Walipohesabu pamoja, walikuta matuta matatu yameharibika na matano ni mazima. Walipokwenda kwa baba, walikuta kamba ingali kwenye kigingi, imekatika kwa kuoza. Mbuzi alikuwa amefungwa. Mama alikuwa ameamini kabisa kwamba ameachiliwa kwa makusudi.

Kuanzia hapo sauti zilipungua. Mazungumzo yaliacha kuwa ya wageni na wenyeji. Yakawa ya matuta matatu, mguu mmoja na kamba iliyooza. Mambo hayo yanahesabika, na kinachohesabika kinaweza kulipwa.

Sheria inasema nini?

Katika nchi yetu, sheria ya raia, kitabu cha tatu, inatokana na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, na bado inatumika. Kifungu cha 258 kinasema kwamba mtu anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake analazimika kuitengeneza. Kifungu cha 261 kinahusu wanyama. Kinasema kwamba mwenye mnyama, au mtu anayemtumia wakati ule, anajibika kwa hasara ambayo mnyama ameleta, iwe mnyama alikuwa chini ya ulinzi wake, iwe alipotea au alitoroka.

Maana yake ni nini kwetu?

- «Kamba ilikatika» inaonyesha kwamba mtu hakuwa na nia mbaya. Inasaidia kupoza hasira. Lakini haiondoi wajibu wa kulipa mboga.
- Mbuzi wengi wanalindwa na mtu asiye mwenyewe: ndugu amemwachia ndugu, au rafiki amemkabidhi rafiki. Ulizeni mapema ni nani mwenye mnyama na ni nani anayemlinda, na waiteni wote wawili.
- Sheria haiulizi kabila wala mahali mtu alipotoka. Familia iliyohama ikilima kwa ruhusa, mboga ni mali yake. Na familia iliyohama ikiwa na mbuzi, nayo inajibika kama wengine.

Upande wa pili, sheria ya adhabu inamwadhibu mtu anayeua au kujeruhi vibaya mnyama wa mwenzake kwa ubaya na bila lazima. Kwa hiyo, kuliwa mboga hakukupi ruhusa ya kuchukua panga, wala kuweka sumu. Sumu ni mbaya zaidi, kwa sababu mtoto anaweza kuigusa, na nyama ya mnyama aliyekufa inaweza kuuzwa sokoni na kuliwa na watu.

Kuhusu wanyama wanaozurura mjini, ulizeni kwenye ofisi ya komini ni amri gani inayotumika kwenu. Amri hiyo isomwe mbele ya watu wote, wenyeji na waliohama, ili asiwepo mtu wa kusema hakuijua.

Hatua za kufuata siku hiyohiyo

1. Mwondoe mnyama bila kumuumiza. Mfukuze polepole, au mshike umfunge mahali penye kivuli na umpe maji. Usimfiche. Mnyama aliyefichwa tangu asubuhi hadi jioni anakugeuza wewe uliyeonewa kuwa mshitakiwa wa wizi.

2. Waweke mbali vijana. Mara nyingi si mwenye bustani anayepiga, ni mtoto wake au mdogo wake. Mwambie mapema: «Mnyama akiingia, niite mimi.»

3. Usirekebishe kitu kabla ya kuonyesha. Acha matuta yalivyo. Weka kijiti mahali kila hasara inapoanza na inapoishia. Mwenye simu ya kupiga picha apige. Mwite jirani mmoja ambaye si ndugu yako aone.

4. Nenda kwa mwenye mnyama, au mtume mtu mzima anayeheshimiwa. Nenda mapema, lakini usiende na kundi. Salimu kwanza. Unaweza kusema hivi: «Baba, nimekuja kwa habari ya mbuzi. Yuko salama, nimemfunga kivulini. Ameingia katika mboga zangu. Nakuomba twende tuangalie pamoja.» Kama mwenye mnyama ni mama au kijana, mpe heshima ileile. Usiseme «ninyi watu wa kule». Sema habari ya mbuzi huyu, wa leo.

5. Mwenye mnyama aende kuona. Hata kama una hakika kwamba si mbuzi wako, nenda. Kukataa kwenda ndiko kunakouma kuliko mboga zenyewe. Neno «pole, mama» halimaanishi kwamba umekubali kila kitu, lakini linafungua mlango.

6. Mkishindwa, mwiteni mkubwa wa avenyu au kamati ya amani. Afadhali siku hiyohiyo au kesho yake. Chagueni lugha ambayo pande zote zinaielewa, Kiswahili au Lingala, na awepo wa kutafsiri. Mama mwenye bustani asemee mwenyewe jambo lake. Asisemewe na mwanaume aliyempokea.

7. Kama haiwezekani kabisa, kuna tribinali ya amani. Lakini jueni kwamba safari na karatasi zinaweza kugharimu kuliko mboga. Na polisi si mahali pa kudai deni la mboga. Polisi wanaitwa mtu anapotishiwa, anapopigwa au anapoibiwa. Malipo ya hasara ni jambo la makubaliano au la hakimu, si sababu ya kumfunga jirani.

Namna ya kuhesabu hasara

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Mmoja anataja pesa nyingi kwa sababu ya hasira, mwingine anacheka. Njia nzuri ni kuchagua watu wawili wanaojua kulima, mmoja kutoka kila upande. Kama agronomu wa komini anaweza kufika, ni vizuri zaidi. Watatafuta majibu ya maswali manne.

*Ni kiasi gani kimeharibika?* Hesabuni matuta au mashina. Msiseme «bustani yote» kama si yote.

*Mboga ilikuwa na umri gani?* Lengalenga huvunwa baada ya majuma matatu au manne hivi. Iliyoliwa katika juma la kwanza inaweza kupandwa tena kwa hasara ndogo: mbegu na kazi. Iliyoliwa siku ya kuvuna ni hasara ya mavuno yote. Mahindi yanahitaji miezi mitatu hadi minne, na mihogo mara nyingi miezi kumi hadi kumi na miwili au zaidi. Nguruwe akifukua mihogo ya miezi minane, mama hawezi kuurudisha muda ule.

*Je, itachipuka?* Mbuzi anayekula majani ya mihogo au ya matembele ameleta hasara, lakini shina likiwa zima majani yatarudi. Mmea uliong'olewa au shina lililovunjika ni hasara kamili.

*Bei ya sokoni ni ngapi leo?* Tumieni bei ya soko lililo karibu. Msichukue bei ya msimu mwingine.

Turudi kwenye mfano wetu. Tuseme tuta moja lilikuwa litoe mafungu 20, na fungu moja linauzwa faranga 500. Tuta moja ni faranga 10.000. Katika matuta matatu yaliyoharibika, moja lilikuwa limeng'olewa lote: faranga 10.000. Mawili yalikuwa yameliwa juu lakini mizizi ilibaki, hivyo wakakubaliana nusu: faranga 5.000 kwa kila moja. Jumla ni faranga 20.000.

Halafu mguu wa mbuzi. Matibabu yaligharimu faranga 8.000, na familia ya kijana ilipaswa kuyalipa. Mpatanishi aliandika mambo yote mawili, moja chini ya lingine, ili ionekane kwamba kila upande umeleta hasara na kila upande umekubali kuitengeneza. Baada ya kutoa, zilibaki faranga 12.000 kwa mama. Baba alilipa 4.000 palepale. Zile 8.000 nyingine alizilipa kwa kuleta mianzi na kufanya kazi siku moja katika kujenga uzio wa bustani.

Malipo ya namna hiyo yanafaa mahali ambapo pesa ni chache: mianzi, samadi ya mbuzi, mbegu, siku za kazi. Yana faida nyingine pia. Watu wawili waliokuwa hawasalimiani wanasimama pamoja siku nzima, mmoja anashika mwanzi na mwingine anafunga kamba.

Andikeni mapatano

Maneno husahauliwa, hasa watu wanapohamahama. Chukueni karatasi moja ya daftari na muandike:

- tarehe na mahali;
- majina ya pande mbili na ya mashahidi;
- hasara iliyoonekana;
- malipo yaliyokubaliwa na siku ya kila malipo;
- jambo ambalo kila mmoja atafanya ili lisitokee tena;
- sahihi au alama ya kidole.

Fanyeni nakala tatu: moja kwa kila upande, na moja kwa mkubwa wa avenyu. Msomeeni kwa sauti yule asiyejua kusoma kabla hajatia kidole. Siku malipo ya mwisho yatakapofanyika, andikeni «imekwisha» kwenye nakala zote tatu.

Kuzuia ni bora

*Kwa mwenye mnyama.* Kamba nzuri ina urefu wa mita nne hadi sita. Ikaguliwe kila jioni, kwa sababu mvua za Kisangani huiozesha upesi. Mbuzi ahamishwe mara mbili kwa siku, apate majani, maji na kivuli. Mbuzi mwenye njaa atakata kamba yoyote. Ukiweza, jenga kibanda cha mianzi chenye sakafu iliyoinuliwa juu ya ardhi. Samadi itaanguka chini, na utaweza kuibadilisha kwa majani na mabaki ya mboga kutoka kwa jirani mwenye bustani.

Nguruwe asiachwe kabisa kuzurura. Homa ya nguruwe ya Afrika iko katika nchi yetu, haina dawa, na nguruwe anayezunguka anaipeleka kutoka kiwanja hadi kiwanja. Tena nguruwe anayekula uchafu wa vyoo hupata minyoo ya tegu, ambayo huwaumiza pia watu. Kumfunga nguruwe wako ni kulinda mali yako mwenyewe kwanza.

*Kwa mwenye bustani.* Uzio haulazimu pesa nyingi. Mianzi, matawi ya ngazi na kamba za msituni vinapatikana. Kwa mbuzi, uzio ufike kifuani mwa mtu mzima. Kwa nguruwe, urefu si kitu: miti ya chini iwe imara, ikaribiane, na iingie ardhini. Kwa kuku na bata, fito fupi zilizosongamana zinasaidia, na mbegu zilizopandwa karibuni zifunikwe kwa matawi hadi ziote. Wakulima wengine huchanganya samadi ya mbuzi na maji na kunyunyizia pembeni mwa bustani, maana mbuzi hapendi majani yanayonuka samadi yake. Lakini mvua huiosha, basi rudia baada ya kila mvua, na usinyunyizie juu ya majani ya kuliwa.

*Kwa wote wawili.* Kabla ya kuchimba ardhi ya kuazimwa, mwombe mwenye ardhi akupeleke kwa majirani. Dakika kumi zinatosha: «Mama huyu atalima hapa kuanzia juma lijalo. Mbuzi wenu mliwaleta hapa. Sasa tuwapeleke wapi?» Swali hilo la mwisho msilisahau. Ukimwondolea jirani mahali pa kulishia, mtafuteni pamoja mahali pengine.

Neno kwa viongozi na kwa mashirika

Viongozi, msingoje ugomvi. Iteni mkutano wa avenyu kabla ya msimu wa kupanda, wawepo wenyeji, waliohama, wanawake na vijana. Chagueni pamoja sheria chache: wanyama wafungwe saa ngapi, nani anaitwa mnyama akishikwa, hasara inahesabiwa na nani. Sheria ambayo watu wameichagua wenyewe hufuatwa kuliko ile waliyoletewa.

Jambo lingine tulitamke kwa heshima. Kuna mahali ambapo faini ya kiongozi inazidi hasara yenyewe. Mama aliyepoteza mboga za faranga 20.000 anaambiwa alete pesa ili asikilizwe, na mwenye mbuzi anatozwa mara mbili. Wote wawili wanatoka maskini, na mara nyingine hawatarudi kwa kiongozi: watachukua panga. Kama kuna gharama ya kusikiliza, itajwe mbele ya wote, iwe ndogo, na iwe sawa kwa mwenyeji na kwa aliyehama.

Na sisi wa mashirika tuna sehemu yetu. Tunapogawa mbuzi kwa familia ambazo hazina kiwanja, bila kamba, bila kibanda, bila kuuliza watakula wapi, tunapanda ugomvi. Tunapogawa mbegu kwa waliohama peke yao, na mbuzi wa mwenyeji ndio wanaozila, tunaongeza wivu. Msaada wa kilimo na ufugaji uanze na kuwasikiliza majirani wote wa mahali pale.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Mahali ulipokulia, ni nani aliyekuwa na wajibu: mwenye mnyama au mwenye shamba? Hapa tunapoishi sasa, tuchague nini?
2. Katika mfano wetu, ni wakati gani ugomvi wa mbuzi uligeuka kuwa ugomvi wa wageni na wenyeji? Nani angeweza kuuzuia, na kwa maneno gani?
3. Katika avenyu yetu, mnyama akishikwa leo jioni, tunamwita nani? Je, kila mtu anamjua?
4. Ni viwanja gani vinavyolimwa sasa ambavyo zamani mbuzi walikula? Wanyama hao wanaenda wapi siku hizi?
5. Je, kuna hasara ya zamani kati yetu ambayo haikulipwa wala kusemwa? Tunaweza kuanza nayo.

Tunawashauri kusoma makala hii kwa sauti katika kikundi, kisha kutembea pamoja avenyu nzima na kuangalia bustani na kamba za wanyama. Mkikuta kamba inayooza, mwambieni mwenyewe leo, kabla mbuzi hajatoroka.